Injini Iliyovishwa Nguo

3 Machi

Kwa Baba mkwe,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na wote waliopo hapo nyumbani. Mimi huku sijambo. Ushonaji unaendelea, ila mgongo unanikumbusha kila jioni kwamba cherehani haina huruma. Masikio yanaendeleaje? Ningepiga simu, lakini nakumbuka mara ya mwisho ulinijibu "ndiyo" kwa kila nililosema, hata nilipokuuliza unataka nikushonee suruali ya rangi gani.

Nakuandikia kwa shida ya gari, lile ulilompa binti yako. Injini inatetemeka. Gari likiwa limesimama na mguu haupo kwenye mafuta, linatikisika mpaka usukani unaniwasha viganja. Mshale wa mizunguko hautulii. Unapanda, unashuka, unafikiri, unapanda tena. Mara mbili limezimika lenyewe nikiwa bado nimekaa kwenye kiti. Nikikanyaga mafuta linatulia na kunguruma vizuri kabisa, utadhani si lenyewe. Nikiachia mguu, yale yale.

Liko uani tangu wiki iliyopita, tangu ile ajali ya getini kazini kwake, ambayo najua habari zake zimeshafika huko pamoja na binti yako mwenyewe. Najua na maneno niliyomwambia pale yamefika. Bampa limebonyea kidogo, taa moja imevunjika, mengine yote kwa nje ni mazima. Silitembezi. Naliwasha tu asubuhi kabla sijafungua duka, nalisikiliza, nazima.

Kwa mawazo yangu ni plagi. Au basi ni uchovu wa injini kukanyagwa kwa nguvu na mtu mwenye haraka. Mkunga kama binti yako kila siku ana haraka. Sisemi kwa ubaya.

Sitaki kulipeleka gereji. Ningependa nilitengeneze mwenyewe hapa uani kwa maelekezo yako, likae sawa, ili mwenyewe akirudi alikute zima. Hilo la kurudi ndilo ninalolitaka kuliko gari, lakini naanza na ninachoweza kukiulizia.

Nisalimie Mama. Nisalimie wote.

Mwanao mkwe

9 Machi

Kwa mkwe wangu fundi cherehani,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza unakula nini. Sikio moja limekufa, la pili linaumwa, lakini macho yapo na mkono bado unashika kalamu. Barua ndiyo zinazonifaa siku hizi. Mtu anaandika, mimi nasoma mara tatu, hakuna anayenipigia kelele.

Aliyekuja huku hajambo pia. Anakula, analala, asubuhi anamsaidia mama yake. Akiona bahasha yako mezani anakwenda kuanua nguo hata kama hazijakauka. Sikuulizwa, nimesema tu.

Turudi kwenye injini. Injini inataka vitu vitatu: hewa, mafuta na cheche. Vikija kwa kipimo, inatulia. Kimoja kikizidi au kikipungua, inalalamika, na inalalamika zaidi ikiwa sailensi, yaani inaunguruma tu bila mguu kwenye mafuta. Hapo inapewa kila kitu kidogo kidogo, kwa hiyo hata kosa dogo linajitokeza.

Usinunue kitu. Nimeona watu wakibadilisha plagi, pampu na betri, kisha wakauza gari likiwa bado linatetemeka.

Fanya hivi. Washa mpaka injini ipate moto. Vaa glavu nene za mpira, zikauke vizuri. Chomoa waya wa plagi mmoja, sikiliza, urudishe. Nenda wa pili, hivyo hivyo mpaka wa nne. Ukichomoa waya na injini ikadhoofika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na injini isishtuke, huyo ndiye mvivu wako. Ukimaliza, zima, subiri ipoe, fungua plagi zote uniandikie rangi ya ncha zake. Wewe ni mtu wa rangi, hapo sikutilii shaka.

Swali la mwisho, ambalo gerejini kwangu lilikuwa la kwanza. Nani alifungua boneti kabla tatizo halijaanza, na aligusa nini? Nilikuwa namuuliza kila mteja kabla hata hajakaa kwenye benchi. Wote hujibu hakuna.

Kuhusu haraka ya mkunga, mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha. Hilo tuliache hapo.

Baba mkwe

14 Machi

Kwa Baba mkwe,

Shikamoo. Nashukuru kwa barua, na nimefurahi kusikia wote ni wazima. Mwambie Mama nakula vizuri, ingawa mwenye mgahawa wa jirani sasa anaanza kuniandalia kabla sijaingia, na hiyo si dalili nzuri kwa mwanamume mwenye ndoa. Huku mvua zimeanza. Nimefunga turubai juu ya gari kwa kamba nne ili nifanye kazi bila kulowa.

Glavu nilizokuwa nazo ni zile za kufulia. Waya wa kwanza nilichomoa salama, injini ikadhoofika. Waya wa pili ikadhoofika, nami pia, kwa sababu ulinipiga shoti nikaruka nikagonga kisogo kwenye boneti. Nilikaa chini kidogo. Nikavaa glavu mbili juu ya moja nikaendelea. Wa tatu na wa nne ni vile vile. Hakuna mvivu, Baba. Zote nne zinafanya kazi, na zote nne zinatetemeka pamoja.

Plagi nimezifungua nikazipanga juu ya kitambaa cheupe dirishani, ili niwe na hakika. Hazina masizi. Si nyeusi wala kahawia. Ni ile rangi ya kitani ambacho hakijatiwa rangi, na kwenye ncha kabisa ni karibu nyeupe. Zote zinafanana, utadhani zimekatwa kwenye gora moja la kitambaa.

Kuhusu boneti, hakuna aliyegusa kitu, isipokuwa usafi wa kawaida ambao mimi hufanya kila mwisho wa mwezi.

Baba, kama haitakuwa kukukosea adabu, naomba kuuliza. Ametaja siku ya kurudi? Kazini kwake wamemwongezea likizo, mlinzi aliniambia nilipopita. Kila asubuhi natandika kitanda pande zote mbili ingawa upande mmoja haujalaliwa.

Mwanao mkwe

20 Machi

Kwa mkwe,

Marahaba. Pole kwa kisogo. Hatujambo, ila mama yako ana mafua na amenikataza kumkaribia na kalamu, eti nitaandika kwamba anaumwa.

"Hakuna, isipokuwa usafi." Niliicheka hiyo mpaka wakatoka ndani kuja kuniangalia.

Sikiliza sasa. Silinda zote zinafanya kazi, kwa hiyo ugonjwa si wa mmoja, ni wa wote. Ncha nyeupe maana yake moto umekuwa mkali, hewa nyingi kwa mafuta machache. Hewa inayopita kwenye filta inapimwa. Yako inaingia kwa mlango wa uani. Mahali fulani pana mpira uliopasuka, au uliolegea, au uliochomoka, na injini inanyonya hewa ya wizi hapo. Ukikanyaga mafuta, injini inavuta hewa nyingi sana, ile ya wizi inakuwa si kitu, ndiyo maana gari linatulia. Ukiachia, ile ya wizi inatosha kuharibu kipimo.

Ile chupa ya kunyunyizia maji unapopiga pasi unayo? Washa injini, nyunyiza kidogo kidogo kwenye kila mpira na kila kiungo, kuanzia kwenye filta mpaka injini yenyewe. Kaa mbali na waya za plagi, umeshaonja. Penye tundu patanyonya maji na mlio utabadilika hapo hapo. Usitumie petroli hata kama atatokea mtu akuambie yeye ndivyo anavyofanya. Huyo muulize nyusi zake ziko wapi.

Siku ya kurudi hajaitaja, na mimi sijamuuliza. Baba hamuulizi binti yake anaondoka lini. Alipofika alikuwa na begi moja na alama ya mkanda wa gari begani, ya zambarau, upana wa vidole vitatu. Mkono huo bado haunyanyui ndoo. Nakuandikia kwa sababu naona hukuuliza.

Baba mkwe

26 Machi

Kwa Baba mkwe,

Shikamoo Baba. Pole nyingi kwa Mama, natumaini mafua yamempisha. Mimi sijambo. Habari ya bega imenikosesha raha. Sikujua.

Nimenyunyiza chupa mbili nzima. Nimeanza kwenye filta, nikafuata mpira mmoja baada ya mwingine mpaka nyuma kabisa kwenye ukuta wa injini. Nguo zake zimelowa chapachapa, lakini mlio haukubadilika hata mara moja. Nimerudia asubuhi iliyofuata, hali ni ile ile. Kwa hiyo nadhani hewa tuitoe kwenye orodha. Je, haiwezi kuwa pampu ya mafuta? Au petroli yenyewe kuwa chafu? Nauliza tu.

Niseme kidogo juu ya hizo nguo, usije ukashangaa. Mwezi wa kwanza, nilipokuwa nafanya usafi, niliona mipira ya mle ndani imekaa ovyo, mingine imechubuka kwa kusuguana. Nikaishonea vifuko vya turubai la kijani, kila mpira na kipimo chake, mshono maradufu, na mikanda midogo ya kufungia. Mke wangu alipofungua boneti aongeze maji alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. Alisema injini yetu imevishwa nguo kuliko alivyovishwa yeye siku ya harusi. Aliwaita wenzake wawili wa kazini waje waone. Ilikuwa siku nzuri.

Nisalimie huko.

Mwanao mkwe

31 Machi

Kwa mkwe,

Marahaba. Mama yako amepona.

Barua yako nimeisoma mara nne. Miaka arobaini na moja chini ya magari, nimekuta panya, nimekuta bisibisi ya fundi mwenzangu, nimekuta kiatu cha mtoto juu ya betri na hakuna aliyejua kilifikaje. Injini iliyovishwa nguo sijawahi kuiona. Turubai limekunywa maji yako yote, mpira haukupata hata tone. Umenyunyizia koti ukasema umemwogesha mtu. Vua hivyo vifuko vyote, kimoja kimoja, kisha rudia.

Kabla ya hapo, nieleze vizuri. Unasema mipira ilikaa ovyo. Ovyo vipi? Nakumbuka siku ya harusi yenu ulinikatia uzi kwenye mkono wa koti mbele ya wageni, nikiwa katikati ya kuwapa nasaha. Hukuweza kusubiri nimalize. Wageni walicheka, nami nikacheka. Leo sicheki. Mkwe wangu, ulikata kitu mle ndani?

Upo mpira mnene kuliko mingine, unatoka kwenye injini unakwenda kwenye busta, ile sahani kubwa nyeusi ya bati iliyo mbele ya pedali ya breki. Mpira huo unafanya kazi mbili. Ukipasuka, injini inatetemeka, na breki inakuwa ngumu, inataka nguvu za watu wawili. Lijaribu hivi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Usiondoe mguu. Washa injini. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu wako, kila kitu ni kizima. Isipozama, usiliondoe gari hilo uani hata hatua kumi.

Nijibu upesi.

Baba mkwe

24 Aprili

Kwa mkwe,

Natumaini u mzima. Sisi hatujambo.

Basi linaloleta barua limekuja mara nane tangu nikuandikie, nami nimekwenda kituoni mara nane. Karani wa mizigo sasa ananikatalia kwa kichwa nikiwa bado ng'ambo ya barabara, ananihurumia kupaza sauti.

Gerejini kwangu, mteja akiacha kuja kuulizia gari lake, mara nyingi alikuwa ameshajua lina nini.

Pedali ilizama au haikuzama? Neno moja linatosha.

Baba mkwe

28 Aprili

Kwa Baba mkwe,

Shikamoo Baba. Natumaini nyote hamjambo.

Haikuzama.

Nilijaribu siku ile ile barua yako ilipofika. Nikajaribu kesho yake, na siku ya tatu nikabadilisha kiatu nikajaribu tena. Pedali ilikaa pale pale. Kisha nikafumua kifuko cha ule mpira mnene. Umechanika shingoni, pale unapoingia kwenye injini, karibu nusu ya mzunguko wake. Niliweka kidole, injini ikiwaka, ukaninyonya ngozi, na mtetemo ukapungua hapo hapo. Mlio wa upepo uliokuwa ukitoka pale sikuwa nimewahi kuusikia kwa sababu turubai lilikuwa linauziba.

Uliniuliza kama nilikata kitu. Nilikata. Mwezi wa kwanza mpira huo ulikuwa mrefu, umejikunja na kuning'inia kama pindo lililofumuka, nikaona ni ziada. Nilikata vidole vinne, nikaurudisha mahali pake na kibano chake, ukanyooka vizuri. Niliona ni kazi safi. Sasa naelewa kwamba injini husogea ikiwaka, na kile nilichokiita ziada ndicho kilichokuwa kinaipa nafasi ya kusogea. Nilipokitoa, mpira ukawa unavutwa siku zote, ukachanika ndani ya nguo nilizoushonea, nisione.

Mke wangu alipokanyaga breki pale getini, breki haikumsaidia. Nguzo ndiyo iliyomsimamisha. Mlinzi alirukia kwenye maua. Mimi nikaitwa, nikaja na futi bado iko shingoni, nikamwambia mbele ya wauguzi na kina mama waliokuwa kwenye foleni kwamba ana mguu mzito na hajui thamani ya kitu alichopewa na baba yake. Aliniambia breki ilikuwa ngumu. Nikamjibu kwamba kigumu ni kichwa chake. Watu walicheka, Baba. Yeye alichukua begi lake la kazi akaenda kwa miguu.

Sikujua. Ningejua nisingethubutu kusema vile. Naona aibu hata kukuandikia, ndiyo maana wiki zimepita. Naomba unisamehe, na umwambie nimekosa.

Mwanao mkwe

3 Mei

Kwa mkwe,

Marahaba. Hatujambo.

Ugonjwa umeupata. Nunua mpira mpya wa busta, si wa maji, wala usikubali kuambiwa ni sawasawa. Urefu wake uwe wa ule wa zamani pamoja na vile vidole vinne. Mle ndani kuna valvu ndogo ya kupitisha upepo upande mmoja. Mshale wake uelekee injini, si breki. Ukigeuza utakuwa umefanya kazi bure na kujihatarisha. Kaza vibano viwili, huku na huku. Uache mpira ujikunje unavyotaka. Usiuvishe kitu. Rudia jaribio la pedali, kisha lizungushe gari uani polepole ukikanyaga breki kila hatua chache, kabla hujatoka nje.

Kuhusu msamaha. Mimi sikuwepo getini. Mguu uliotukanwa si wangu, na waliocheka hawakunicheka mimi. Siwezi kupokea kitu ambacho si changu, wala mimi si tarishi. Nilikuwa fundi, sasa ni mzee mwenye sikio moja bovu na moja bovu zaidi.

Nilikasirika nilipoisoma barua yako. Niliiweka chini ya redio siku mbili. Ungemuua mwanangu kwa sababu mpira ulikuwa haujanyooka. Nimeliandika hilo ili tusije tukajifanya hatulijui.

Baba mkwe

12 Mei

Kwa Baba mkwe,

Shikamoo. Nashukuru kwa kuandika, hata hilo la mwisho. Ni haki yako.

Mpira mpya nimeufunga. Mshale wa valvu niliutazama mara tatu. Pedali ilizama, Baba, ilishuka taratibu chini ya mguu wangu, nikazima, nikarudia, ikazama tena. Injini imetulia. Niliweka kikombe cha chai juu ya kifuniko cha filta nikatazama uso wa chai, haukucheza. Nimelizungusha uani kama ulivyosema, kisha nikazunguka mitaa miwili. Vifuko vyote nimevifumua. Taa mpya nimeweka.

Halafu nilikwenda getini. Nilichagua siku ya kliniki, asubuhi, foleni ikiwa imejaa mpaka nje, kwa sababu siku ile pia ilikuwa imejaa. Nilisimama karibu na ile nguzo nikasema kwa sauti kwamba mimi ni fundi cherehani, mume wa mkunga, na kwamba mwezi wa pili nilimtukana hapa mbele ya watu kwa kugonga nguzo, na kosa halikuwa lake, mimi ndiye niliyekata mpira wa breki kwa mkasi wangu. Wauguzi walichungulia dirishani. Mlinzi alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu lake, nami nikamshukuru.

Mama mmoja mjamzito, amekalia kanga yake kwenye ngazi, aliniuliza, "Sasa kaka, unatuambia sisi ili iweje? Mwenyewe yuko wapi?" Nilisema yuko kwao. Akasema, "Haya." Foleni ikasogea.

Nilidhani nitatoka pale nimepumua. Nilirudi dukani nikashona kola upande usio wake, mara mbili.

Nisalimie wote. Hali yake ikoje? Bega linaendeleaje?

Mwanao mkwe

18 Mei

Kwa mkwe,

Marahaba. Gari limepona, kwa maandishi yako nimeridhika. Kazi umeifanya vizuri na sina la kukurekebisha.

Jana nilichukua barua zako zote, nikazipanga kwa tarehe, nikampa. Alitaka kwenda kuanua nguo, nikamwambia kambani hakuna nguo. Alizisoma kwa kusimama, mgongo kwenye mlango wa jikoni. Zile za mwanzo alizisoma haraka. Ya tarehe ishirini na nane aliisoma, akairudia, akaikunja mwenyewe akairudisha kwenye bahasha.

Kisha aliniandikia swali kwenye pembe ya gazeti, kwa sababu anajua akiniambia kwa mdomo nitasema ndiyo. Aliuliza, "Siku ile pale getini, alikuwa anajua?"

Nilimwambia nimesoma "sikujua" kwenye barua. Akaandika chini yake kwamba hakuniuliza kilichoandikwa. Nikamwambia basi sijui.

Usinijibu mimi. Kuanzia leo sitafungua bahasha yako. Miezi mitatu umeniandikia mimi barua tano kuhusu gari lake, na yeye hujamwandikia hata mstari. Anwani unaijua.

Baba mkwe

23 Mei

Mke wangu,

Hujambo? Mimi ni mzima. Bega linaendeleaje, na mkono umeanza kunyanyua? Nilipaswa kukuuliza mwezi wa pili, pale pale ulipofungua mlango wa gari. Sikukuuliza.

Umeuliza kama nilikuwa najua. Nilijua.

Asubuhi ulipoondoka sikujua, naomba uniamini kwa hilo moja. Nilijua pale getini. Mlinzi alinishika mkono kabla sijakufikia, akaniambia taa zako za nyuma ziliwaka mapema, kabla ya nguzo, kwamba ulikuwa umekanyaga breki na gari halikusimama. Halafu wewe ukasema breki ilikuwa ngumu. Palepale niliuona ule mpira na mkasi wangu, na kile kipande cha vidole vinne nilichokuwa nimekitia kwenye droo ya vifungo kwa sababu situpi kitu. Niliyaona yote hayo nikiwa bado sijafungua mdomo. Nilikutukana kwa sababu nilijua. Nilitaka watu wakutazame wewe. Wakakutazama.

Barua zote kwa Baba niliziandika nikitumaini ataniambia ni plagi. Aliponiuliza nani alifungua boneti, nikamwandikia usafi. Aliponiuliza kama nilikata, nikakaa kimya karibu mwezi mzima, kisha nikamwandikia kwamba sikujua. Hata juzijuzi nilipokwenda kusema mbele ya foleni, mlinzi alinijibu, "Mimi nilikuambia siku ile ile." Hilo nililiruka nilipomwandikia Baba.

Sina cha kuongeza juu ya hapo ambacho hakitakuwa kujitetea. Nimekukumbuka. Nyumba imenyooka kila pembe na haina mtu wa kuicheka.

Gari ni zima. Nimelipeleka kazini kwako, liko nyuma ya stoo ya dawa, na funguo nimempa mlinzi. Yeye ni shahidi wako, si wangu. Kabla hujaliondoa kanyaga breki mara tano injini ikiwa imezimwa, ushikilie, uwashe, uione inavyozama kwa mguu wako mwenyewe. Ukitaka kulichukua na kuondoka bila kuniona, utaweza. Mimi ningependa unione.

Mumeo